Mwanga uliopotea njia

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Swali lako sijaliacha tangu juzi: ukifunika tochi kwa vidole gizani, mbona nyama yote inawaka nyekundu lakini mfupa hauonekani?

Wekundu ni rahisi: damu hufyonza kijani na buluu, nyekundu ikapita. Mfupa ndio wenye kisa. Ndani ya nyama kuna nyuzi, kuta za seli na vitone vya mafuta, na kila kimoja hupinda mwanga tofauti na jirani yake. Takriban kila sehemu ya kumi ya milimita fotoni, yaani chembe ya mwanga, hupindishwa kidogo, na ikishakwenda milimita moja hivi haijui tena ilikotoka. Kuanzia hapo hutembea kama mlevi, huku na huku. Fotoni zilizopita kando ya mfupa huingia hata kwenye kivuli chake, kikafutika. Unene ukizidi mara mbili, safari hurefuka mara nne.

Dondoshea karatasi nyeupe tone la mafuta ya kula, uiinue mbele ya taa. Doa litapitisha mwanga. Mafuta yamejaza mianya ya hewa kati ya nyuzi, nayo hupinda mwanga karibu sawa na nyuzi zenyewe, basi mwanga hauna tena mpaka wa kujigonga. Weupe wote ule ulitokana na nyuzi na hewa, vitu visivyo na rangi! Theluji na ukungu ni vivyo hivyo.

Lakini lililonigusa zaidi ni la mwaka 2007. Wanafizikia Vellekoop na Mosk, huko Uholanzi, walielekeza leza kwenye tabaka la chembe zilezile zinazoipa rangi ya ukutani weupe wake. Waliligawa wimbi la mwanga huo vipande vipande, wakawa wanachelewesha kila kipande kidogo kidogo huku wakipima upande wa pili, mpaka mwanga ukakusanyika kwenye nukta moja, mkali hadi mara 1000 kuliko kawaida. Kumbe chembe zikitulia, ule mtawanyiko una mpangilio wake, na waweza kutenguliwa.

Nyama hai ndiyo ngumu, Zuhura. Damu haitulii, na mpangilio uliopimwa sasa hivi huwa umeshabadilika ndani ya milisekunde chache. Anayetaka kuona ndani ya kidole kwa njia hii lazima aipite damu kwa kasi.

Ukijaribu karatasi, ichovye pia kwenye maji, kisha uniandikie lipi limepitisha mwanga zaidi.

Rafiki yako,
Salma