Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: waiteni na ndugu zao

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mtumba, Dodoma.

YAH: NDUGU WA WAGONJWA WA GLAKOMA WAITWE WAPIMWE

Mheshimiwa, salaam.

Nakuandikia kutoka Kongwa. Wataalamu wa macho wengi duniani wanaijua wilaya yetu kwa sababu ya trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, ambao umetuletea watafiti kwa miaka mingi. Lakini humu humu, katika vijiji sita, walipima pia glakoma, ile ambayo mtaani tunaiita presha ya macho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: kati ya watu wa miaka 40 na kuendelea, takriban 4 katika kila 100 walikuwa nayo. Na hao hawakuwa wagonjwa waliojipeleka hospitali, ni wanavijiji waliofuatwa huko huko kwao.

Baba yangu aligundulika akiwa amechelewa. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi. Alipewa dawa ya matone, akaandikiwa tarehe ya kurudi, basi. Hakuna aliyemuuliza ana wadogo wangapi au watoto wangapi, ilhali kila aliyesomea macho anajua kwamba mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa yuko kwenye hatari mara kadhaa kuliko mtu mwingine. Mimi nilipimwa kwa sababu mtaalamu mmoja aliniita pembeni akanishauri, tena nikalipia mwenyewe. Huo ulikuwa wema wake, haukuwa utaratibu.

Na ugonjwa huu hauwezi kuachiwa wema wa mtu, maana haupigi hodi. Jicho hutengeneza maji yake na kuyatoa kwenye vijia vidogo vya pembeni. Maji yasipotoka vizuri shinikizo hupanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo hufa kidogo kidogo. Kinachoondoka kwanza ni kuona kwa pembeni, na jicho moja hulifichia jingine. Hakuna maumivu wala wekundu. Mtu anasoma gazeti bila shida, ila bodaboda inayotokea ubavuni haioni. Mpeleke kwenye ubao wa herufi, atafaulu. Hata kupima shinikizo peke yake hakutoshi, kwa kuwa wapo ambao shinikizo lao liko katika kiwango cha kawaida na mshipa bado unaharibika. Lazima nyuma ya jicho patazamwe.

Ipo aina inayokuja kwa kishindo: jicho linauma vibaya, linakuwa jekundu, mtu anatapika na kuona duara za rangi kuzunguka taa. Huyo ni wa kukimbizwa siku hiyo hiyo. Vilevile mtoto mchanga mwenye macho makubwa kupita kawaida, yanayotoa machozi na kukimbia mwanga, asiambiwe ana macho mazuri.

Vijijini wazee wengi wakianza kutoona husema ni mtoto wa jicho, wanasubiri "aive" wakapasuliwe. Mtoto wa jicho akitolewa, kuona hurudi. Glakoma ikishachukua, imechukua. Matone, leza na upasuaji vinalinda kilichobaki tu. Wengine, macho yakiwasha, hununua matone yenye steroidi kwenye duka la dawa na kuyatumia miezi mingi, na hayo yenyewe yanaweza kupandisha shinikizo. Hilo peke yake lingestahili barua nyingine.

Ombi langu ni hili. Kila mgonjwa wa glakoma anapofunguliwa faili, yaandikwe majina ya ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake watu wazima, na kila mmoja atumiwe karatasi ya kumwita kupimwa bila malipo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita kwenye kaya zetu, wanajua nani ni mdogo wa nani. Wapewe kazi hiyo. Na kwa kuwa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, kipimo hicho kiingie kwenye kitita cha mafao.

Najua utaniuliza: tukiwapata, tutawatibu na nini? Jibu lilipatikana Moshi. Utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC na kuchapishwa mwaka 2021 ulilinganisha leza na matone ya timolol. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilikuwa imefanikiwa kwa macho 61 katika kila 100 ya waliopigwa leza, dhidi ya 31 ya waliopewa matone. Sishangai. Timolol ni asubuhi na jioni, maisha yote, chupa ikiisha ununue nyingine, na mwenye pumu haimfai kabisa. Leza ni kazi ya dakika chache, ingawa nguvu yake hupungua baada ya muda na huenda ikarudiwa. Wagonjwa waliopimwa ni wetu. Mashine ziwekwe basi katika hospitali za rufaa za mikoa, na wataalamu wa kuzitumia wafundishwe.

Mashine ni fedha, naelewa zinaweza kusubiri bajeti. Waraka wa kuwaita ndugu hauhitaji bajeti kubwa. Naomba unijibu hapa hapa hadharani: waraka huo utatoka lini? Baba ana wadogo zake wawili Mpwapwa na mmoja Gairo, wote wamepita miaka 50, na hakuna hata mmoja aliyeitwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Binti wa mgonjwa,
Kongwa, Dodoma.