Kuhusu viza yako ya masomo, na kuhusu mwanetu

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa mwanetu. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili kwa furaha. Shahada ya uzamili Uingereza, tena kwenye fani uliyoitaka mwenyewe! Hongera sana, umeihangaikia. Umeniuliza mengi kwa mpigo. Nianze na lile uliloliweka mwishoni, kama unaweza kuondoka na mtoto, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi.

Mtoto hutaweza kuondoka naye. Kwa kozi zilizoanza Januari 2024 na kuendelea, mwanafunzi wa uzamili wa kawaida, yule wa vipindi vya darasani na tasnifu mwishoni, haruhusiwi tena kuombea mwenzi wala watoto viza ya wategemezi. Waliobakiziwa ruhusa hiyo ni wa uzamivu, wa shahada za utafiti, na wanaosomeshwa kwa ufadhili wa serikali. Wewe unajilipia, kwa hiyo si miongoni mwao. Watatokea watu wa kukushauri umwombee viza ya matembezi kisha abaki nawe hukohuko. Nakusihi usiwasikilize. Viza ya matembezi kwa kawaida ni ya miezi 6, haimpi mtoto haki ya kuishi huko, na ukibainika umedanganya kwenye maombi unaweza kufungiwa hadi miaka 10. Kaa na shemeji mzungumze mapema: nani atabaki na mtoto, shule itakuwaje, akiugua nani ataamua. Kozi yako ni ya mwaka mmoja, na viza itakuruhusu kutoka na kurudi ikiwa bado hai, kwa hiyo likizo moja ya kuja kumwona iingizeni kwenye hesabu tangu sasa. Mimi naamini mnaweza. Ila kama moyo unakataa kabisa, kiulize chuo kama unaweza kuahirisha nafasi yako. Ni swali wanalolizoea.

Na hili la shemeji kubaki linagusa fedha pia. Umesema akiba iko kwenye akaunti yake. Hapo ilipo haitakusaidia. Fedha zinazohesabika ni zile zilizo kwa jina lako, au la mzazi au mlezi wako wa kisheria. Za mwenzi zinakubaliwa pale tu na yeye anapoomba viza pamoja nawe, au tayari anayo. Basi zihamishiwe kwako haraka, maana zikishaingia ndipo siku zinaanza kuhesabiwa: zinatakiwa zikae siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kufikia siku utakayotuma maombi. Chukua taarifa ya akaunti, pitisha kidole kwenye safu ya salio, mstari baada ya mstari. Salio likishuka chini ya kiasi kinachotakiwa hata siku moja, hata kwa makato ya benki tu, unaanza tena siku ya kwanza. Tena maofisa wa viza wa Uingereza wanahesabu kwa pauni, kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku ya maombi, kwa hiyo weka ziada ya kutosha. Ukiweka kiasi kilekile kamili, sarafu ikiyumba kidogo umepungukiwa.

Kiasi chenyewe ni ada iliyobaki ya mwaka wa kwanza pamoja na gharama za kuishi, zinazohesabiwa kwa mwezi hadi kikomo cha miezi 9. London wana kiwango cha juu kuliko kwingine. Viwango hivyo hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo usikubali namba ya mtu aliyeomba mwaka juzi. Soma tovuti ya serikali ya Uingereza wiki hiyohiyo unayoomba. Ada ambayo umekwishalipa inapunguzwa kwenye hesabu, ila hakikisha chuo kimeiandika kwenye CAS yako, yaani uthibitisho wa chuo kwamba kimekupa nafasi. Kwa hiyo CAS ikifika, kabla hujaifurahia, angalia kiasi ulicholipa, namba ya pasipoti, tarehe za kozi na tahajia ya jina. Kukiwa na kosa, waandikie warekebishe kwanza.

Usisahau ada ya huduma ya afya. Kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, na kwa kuwa viza ya kozi ya miezi 12 huzidi mwaka, utatozwa pauni 1,164 kwa mkupuo, nje ya ada ya viza. Ukinyimwa viza, hiyo ya afya hurudishwa. Ya viza hairudi.

Kipimo cha kifua kikuu fanya mapema, na ufanye kwenye kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza, kwingine hawapokei. Ni picha ya kifua tu. Lakini daktari akitaka na makohozi, majibu yanaweza kuchukua hadi wiki 8, na ndiyo maana nasema mapema. Cheti kinadumu miezi 6.

Majina yalinganishe leo. Kama cheti cha shahada kina majina mawili na pasipoti ina matatu, tafuta hati ya kiapo inayoeleza kwamba ni mtu mmoja. Nyaraka yoyote isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri yenye uthibitisho wa mtafsiri kuwa ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, sahihi yake na mawasiliano yake.

Sasa yule wakala wa viza uliyemtaja kwenye barua yako. Kama anakusaidia kupanga karatasi, sawa. Lakini fomu ijazwe kwa baruapepe yako na namba yako ya simu, na nywila uijue wewe peke yako. Siku hizi viza ya mwanafunzi ni ya kidijitali, inakaa ndani ya akaunti yako ya uhamiaji. Akaunti ikiwa kwa baruapepe ya wakala, viza yako iko mkononi mwake, na chuo au mwenye nyumba akikuomba uthibitisho utaanza kumpigia simu mtu asiyepokea. Asikuandikie pia maelezo binafsi, yale ya kueleza sababu zako za kusoma. Unaweza kuitwa kwenye usaili, na ofisa atataka kujua kwa nini kozi hii, kwa nini chuo hiki, masomo gani yamo ndani yake na ukimaliza utafanya nini. Mtu aliyeandika mwenyewe hujibu bila kutafuta maneno, na wewe sababu unazo, nimekusikia ukizieleza kwa miaka.

Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya kozi kuanza, na majibu kwa kawaida huja ndani ya wiki 3 baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Tiketi usinunue kabla ya majibu.

Nitumie CAS na taarifa ya akaunti kabla hujabonyeza kutuma, nizipitie kwa macho mengine. Na unieleze mmeafikiana nini na shemeji kuhusu mtoto.

Wako akupendaye daima,
Rafiki yako