Ruaha ni mmoja, hesabu zake mbona nyingi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya ofisi zetu zinazoupigia hesabu ya maji mto mmoja, Ruaha Mkuu, kila moja kivyake. Nimestaafu, sina cheo cha kutetea wala mradi wa kuuombea fedha, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Kwa miaka 29 kazi yangu ilikuwa geji za mito, nyingi zikiwa kwenye mito inayolisha Ruaha Mkuu. Kwa asiyejua, geji ni kibao cha chuma chenye namba, kimesimikwa mtoni kama rula. Unashuka ukingoni saa tatu asubuhi na tena saa kumi jioni, unatazama maji yamegusa namba gani, unaandika. Mvua inyeshe, jua liwake, unaandika. Kiboko akikataa kuondoka unasoma kwa mbali, na kwenye safu ya maelezo unaandika “kiboko”. Bosi wangu mmoja aliwahi kuniuliza neno hilo lina maana gani kitaalamu. Nikamwambia lina maana kwamba namba ya siku hiyo usiiamini sana.

Lakini kina cha maji peke yake hakimsaidii mtu. Wa umeme na wa umwagiliaji wanataka kujua zinapita mita za ujazo ngapi kwa sekunde. Kwa hiyo mara kadhaa kwa mwaka tulikuwa tunaingia mtoni na kifaa chenye propela, tunapima mwendo wa maji hatua kwa hatua kutoka ng'ambo hii hadi ile, kisha tunapiga hesabu pamoja na kina na upana. Ukifanya hivyo maji yakiwa machache, ya wastani na mengi, unapata jedwali: kina kikiwa hiki, mtiririko ni huu. Kasheshe ni maji mengi. Mto ukifura hakuna mwenye akili timamu anayeingia na propela mkononi, hivyo sehemu ya juu ya jedwali mara nyingi ni makisio tu: mtu amechora mstari mpaka alipofika na vipimo, akauendeleza kule alikodhani unaelekea. Na mchanga nao hautulii. Masika moja tu kitako cha mto kinahama, na jedwali la mwaka jana linaanza kudanganya.

Nimeanza huku chini kwa sababu modeli zote za maji, yaani zile programu za kompyuta zinazokadiria mto utakuwa na maji kiasi gani, zinazotajwa semina na semina, iwe SWAT, WEAP au HEC-HMS, zinaegemea kibao hicho na jedwali hilo.

Sasa nisimulie kisa. Mvua za El Niño za mwaka 1997/98 ziliizoa geji yetu moja, kwenye mto unaoteremka kutoka safu za Kipengere. Mto wenyewe sitautaja nisimwaibishe mtu. Maji yalipopungua tulirudi kusimika mpya. Bikoni ya saruji tuliyokuwa tunapimia usawa ilikuwa imekwenda na ukingo. Tukasimika tulipoweza, na nilipolinganisha na alama iliyobaki kwenye mwamba nikakuta sifuri ya geji mpya iko chini ya ile ya zamani kwa sentimita 34. Yaani maji yaleyale yaliyokuwa yakisomeka 80 sasa yatasomeka 114. Nikaandika hivyo kwenye fomu, safu ya maelezo, kwa wino mweusi, nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Miaka ikapita, fomu zikaingizwa kwenye kompyuta. Programu ilikuwa na nafasi ya tarehe, saa na namba. Nafasi ya maelezo haikuwepo. Kiboko wangu akapotea, na sentimita 34 zikapotea naye.

Nilikuja kukutana nazo kwenye semina moja, nilikoalikwa kama mzee wa mtoni, wa kunywa chai na kupigwa picha. Akasimama mtaalamu wa kwanza, kijana mpole sana, akaonyesha kwamba mto ule uliongezeka maji ghafla kuanzia 1998, na kwamba sababu ni misitu kukatwa huko juu: mvua haizami tena ardhini, inateremka yote. Akasimama wa pili, wa taasisi nyingine, akasema hapana, mto umekuwa vilevile. Yeye alikuwa ameanza hesabu yake mwaka 2000, hivyo hakuona maji yakiruka ghafla. Wa tatu geji hakuitaka kabisa, alitumia mvua ya setilaiti na modeli yake, akapata mto mdogo kuliko wa wenzake wote. Walibishana hadi saa ya chakula. Nilinyoosha mkono mara mbili. Mara ya tatu nikapewa maiki, nikasema, “Wanangu, ile ni geji ilihama.” Kimya. Kisha mwenyekiti akanishukuru kwa mchango wangu na kutangaza chakula.

Sisemi hili kuwacheka. Watoto wale walikuwa hodari, na kila mmoja hesabu yake ilikuwa sahihi kwa alichokuwa nacho mkononi. Kilichoniuma ni kwamba wote watatu walikuwa wamekanyaga ukingo uleule kiangazi kimoja, kwa magari matatu tofauti, kila mmoja akiniuliza swali lilelile kuhusu miaka yenye mapengo, na hakuna aliyejua mwenzake kapita.

Hili si la kijito kimoja. Ruaha Mkuu una wenyewe wengi. TANESCO wanauangalia kuanzia mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tume ya Umwagiliaji wanauangalia mpaka kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kwenda mashambani. TANAPA wanauangalia Msembe, ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji wanatoa vibali, Mamlaka ya Hali ya Hewa wana mvua yao, na vyuo vyetu, Sokoine na Dar es Salaam, vina tasnifu za wanafunzi kabati zima. Kila mmoja anauanza mto pale maslahi yake yanapoanza na kuumaliza pale yanapoishia. Mathalani, maji yakiingia banio la mpunga, modeli moja inayahesabu yote kuwa yameliwa. Nyingine inajua kwamba sehemu hutoka kwenye majaruba na kurudi mtoni kilomita kadhaa mbele. Chukua majibu hayo mawili, yapeleke kwa mkuu wa wilaya mmoja, halafu mwambie aamue.

Wenye umri wangu wanakumbuka mgao wa umeme wa miaka ya 1990. Mtera ilipopungua, kidole kikaelekezwa moja kwa moja huko juu ya mto, bonde la Usangu, kwa wakulima wa mpunga na wafugaji wa kinamasi cha Ihefu. Na kweli, tangu 1993 Ruaha umekuwa ukikatika kiangazi kule hifadhini, jambo ambalo wazee hawakulizoea. Lakini hayo ni mambo mawili. Mtera hujazwa na maji ya masika, pamoja na yale ya mito ya Ruaha Mdogo na Kisigo. Maji ya kiangazi yanayotoka Ihefu kwenye kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama, hata yangepita yote, ni kidogo mno kulijaza bwawa la ukubwa ule. Hayo ni ya viboko na samaki, na ya watu wanaochota. Baadaye watafiti walipoyapigia hesabu mabwawa ya Mtera na Kidatu kwa pamoja, ikaonekana kwamba namna milango ilivyokuwa ikifunguliwa nayo ilikuwa na sehemu yake. Kwa maneno mengine, kwa miaka kadhaa mmoja alikuwa anazungumza masika, mwenzake anajibu kiangazi.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Frederick Sumaye, alitangaza akiwa London kwamba ifikapo 2010 Ruaha utakuwa unatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji wakaanza kuondolewa Usangu pamoja na mifugo yao. Sitaki kulifungua hilo upya; kila aliyepita barabara ile siku zile ana alichokiona. Nasema tu kwamba mtu anapohamishwa na ng'ombe wake kwa sababu ya hesabu ya maji, ana haki ya kuuliza hesabu hiyo ilianzia kwenye geji ipi, na ofisi ya jirani nayo ilipata ngapi.

Leo uzito umeongezeka. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, kwenye mto Rufiji ambao Ruaha Mkuu huumwagia maji yake, lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Aprili 2024 ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti walikuwa ndani ya maji. Ruaha Mkuu huchangia takriban asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji. Mto Kilombero ndiye baba, asilimia 62 hivi, na mto Luwegu 18. Ukitaka kumwambia mama wa Rufiji maji yatamfikia lini na yatapanda hadi wapi, lazima uunganishe mvua ya mmoja, mito ya mwingine na milango ya bwawa ya wa tatu, na uviunganishe kabla ya mvua kunyesha. Na kumbuka nilichosema juu ya maji mengi: hapo ndipo jedwali zetu zilipo dhaifu zaidi.

Siombi modeli moja ya taifa. Hilo likitangazwa litaundiwa kamati, kamati itanunua magari, na mimi nitakufa kabla ya ripoti ya awali. Modeli ziwe nyingi, zishindane, ni vizuri. Ila wote wale kutoka chungu kimoja: vipimo vilevile, majedwali yaleyale yenye tarehe ya kubadilishwa, na safu ya maelezo irudishwe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazipa bodi za mabonde kazi ya takwimu. Basi anayetaka kutafiti mtoni apitie hapo, aambiwe nani kapita kabla yake, na akimaliza aache nakala ya modeli pamoja na data aliyotumia. Wengi huacha ripoti yenye jalada zuri tu, na ripoti huwezi kuiendesha upya mvua ikibadilika. Mwaka wetu wa maji unaanza Novemba mosi. Kila Oktoba wakutane siku mbili, kila ofisi na modeli yake, wapewe masika iliyopita kama mtihani: mvua hii hapa, haya niambieni mto ulifika wapi. Aliyekosea aeleze kwa nini. Asiyetaka kuonyesha tutamjua.

Msiniambie haiwezekani. Nchi za Bonde la Nile, pamoja na ugomvi wao wote, zilianzisha Mpango wao wa pamoja hapa hapa Dar es Salaam Februari 1999, na kufikia 2012 zilikuwa na chombo kimoja cha hesabu ambacho nchi wanachama wanakitumia, sisi tukiwamo. Ofisi zetu nyingine zimetenganishwa na ukuta tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na mradi Usangu uliokuja na ubao wa mbao wenye mteremko, umechongwa mfereji katikati kama mto, na vijifereji pembeni. Maji yalikuwa gololi. Wakulima waligawanywa wa juu na wa chini, wakapewa vijiti vya kuwa mabanio, gololi zikamwagwa. Siku niliyokuwepo, wa juu walichota gololi karibu zote wakicheka, na wa chini, watu wazima wenye ndevu, walikaa na vijiti vyao mkononi wanatazama mfereji mtupu. Baada ya hapo maneno yalitoka ambayo sijawahi kuyasikia kwenye mkutano wowote wa kijiji. Ubao ule kama bado upo stoo, upanguswe vumbi, upelekwe kwa wenye kompyuta. Wa umeme akae chini, wa mpunga akae juu, halafu wabadilishane.

Mimi nina madaftari yangu binafsi kumi na moja, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Yana kila geji niliyoisimika, iliyohama na iliyozolewa, pamoja na viboko wote. Miaka miwili iliyopita alikuja mtafiti akaomba ayachukue, nikakataa. Wiki iliyofuata akaja wa ofisi nyingine naye akataka ayachukue yeye, nikakataa vilevile, mke wangu akaniita mchoyo. Nayatoa, wala siyauzi. Waje siku moja, wote, kila mtu na simu yake ya kupigia picha, tuyasome ukurasa kwa ukurasa sebuleni kwangu. Viti vipo sita, vingine nitaazima kanisani.

Wako,
Msoma geji mstaafu,
Iringa