Barua kwa mdogo wangu: aya mliyoikatisha njiani

Mdogo wangu,

Nimeianza barua hii mara tatu kwenye simu nikaifuta. Naiandika hapa hadharani kwa kuwa najua wapo wadogo wa wenzangu waliofundishwa kama ulivyofundishwa, na dada zao hawajui waanzie wapi. Jina lako silitaji.

Siku tuliyomzika shangazi kule Muheza ulibaki garini, chini ya mwembe. Watu walidhani umechoshwa na safari. Binti yake akakuletea chakula mwenyewe, sinia limefunikwa kawa, na mkono wa pili birika la maji ya kunawa. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake. Ukashusha kioo nusu, ukamwambia, "Sisi ni taifa teule, dada. Hatuli chakula cha matanga ya watu wasio wa Mungu." Hakujibu neno. Alilibana lile kawa kwa kidevu lisianguke, akageuka, akarudi nalo jikoni. Wali ule wakala watoto.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma aya iliyoandikwa mgongoni mwa fulana yenu: "Ninyi ni mzao mteule, ukuhani wa kifalme, taifa takatifu, watu wa milki ya Mungu." Fulana inaweka nukta hapo. Petro, katika waraka wake wa kwanza (2:9), hakuweka nukta hapo. Anaendelea: "mpate kuzitangaza fadhili zake yeye aliyewaita mtoke gizani mkaingie katika nuru yake ya ajabu." Aya nzima inaning'inia kwenye neno hilo moja, "mpate". Ukiikata kabla yake, unabaki na cheo kisicho na kazi.

Na hili sisi Watanzania tunalijua bila kufundishwa. Taarifa ya Ikulu ikitoka usiku kwamba fulani ameteuliwa mkuu wa wilaya, ndugu zake wanapiga vigelegele, lakini kesho yake watu wanauliza: anaripoti lini, na wilaya gani? Aliyeteuliwa akikaa sebuleni kwake anawaonyesha wageni barua ya uteuzi, tutamshangaa. Wilaya inamsubiri.

Ndivyo ilivyokuwa tangu Ibrahimu. Anaitwa atoke kwao, na katika pumzi ileile anaambiwa kwamba ndani yake jamaa zote za dunia watabarikiwa. Zote, mdogo wangu, na ya shangazi imo. Wana wa Israeli nao waliambiwa wazi, Kumbukumbu la Torati 7:7, kwamba Bwana hakuwachagua kwa sababu ya wingi wao, maana walikuwa wachache kuliko watu wote. Halafu akaja nabii Amosi, mchunga kondoo wa Tekoa, na neno ambalo sijawahi kuliona kwenye fulana ya mtu: "Ni ninyi tu niliowajua kati ya jamaa zote zilizo duniani, kwa sababu hiyo nitawapatiliza ninyi maovu yenu yote." Kwa sababu hiyo! Mteule ndiye anayeanza kuulizwa.

(Na ukimsikia mtu akifundisha kwamba Mungu aliwatupa Wayahudi akatuchukua sisi mahali pao, mwambie aisome Warumi 11 mpaka mwisho. Sisi ni mzeituni mwitu uliopandikizwa. "Si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe." Humohumo Paulo anasema karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake. Kwa Mungu hakuna uteuzi kutenguliwa.)

Nataka ukae kidogo na wale waliopelekewa waraka wa Petro. Aya ya kwanza kabisa inawaita wateule wakaao hali ya ugeni, katika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, nchi ambazo leo zimo ndani ya Uturuki. Yapata mwaka 112 gavana wa Kirumi wa Bithinia na Ponto, Plinius, alimwandikia Kaisari Traianus kuuliza afanye nini na Wakristo. Aliwatesa wanawake wawili watumwa, waliokuwa wahudumu katika kanisa lao, ili aujue ukweli. Aliyoyakusanya kuhusu watu hao ni haya: hukutana siku maalumu kabla ya kupambazuka, humwimbia Kristo kama Mungu, na hula kiapo cha kutoiba, kutozini, kutovunja ahadi, na kutokana amana mwenyewe anapoidai. Kisha hutawanyika, na baadaye hukutana tena kula chakula, chakula cha kawaida tu.

Huo ndio ukuhani wa kifalme jinsi gavana alivyoukuta: vijakazi wawili wasio na mtetezi, na watu wanaorudisha amana za majirani zao. Majirani hao walikuwa wapagani. Kama wateule wa Bithinia wangejifungia, nani angewapa amana ya kutunza?

Najua utanijibu kwa 2 Wakorintho 6:17, "Tokeni kati yao, mkatengwe nao." Siikwepi aya hiyo. Sikuombi uabudu usichokiabudu, wala hakuna aliyekuomba hivyo pale msibani. Lakini Paulo huyohuyo, akiwaandikia Wakorintho haohao, anasema asiyeamini akiwaalika nanyi mkataka kwenda, "kuleni kila kitu kiwekwacho mbele yenu bila kuuliza-uliza". Na Petro, aya tatu tu baada ya ile ya fulana, anataka wateule wawe na mwenendo mzuri kati ya Mataifa. Kati yao. Ndani ya gari kioo kikiwa juu, mwenendo wako anauona nani?

Uteule wa kujitenga una historia, na si nzuri. Mwaka 1857 sinodi ya kanisa moja la Kireformati huko Cape, Afrika Kusini, iliruhusu waumini weusi waabudu kando, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya wazungu, waliokataa kuabudu nao pamoja. Ilionekana ruhusa ndogo. Mwaka 1881 likaundwa kanisa zima la pembeni kwa ajili ya hao waliowekwa kando, na karne iliyofuata watu waliojiona taifa la agano wakatumia Biblia kutetea ubaguzi wa rangi. Ni lile kanisa la pembeni lililosimama na kutamka imani yake katika Ungamo la Belhar, lililoandikwa 1982 na kupitishwa 1986, kwamba utengano wa namna hiyo ni dhambi. Naogopa ruhusa ndogo, mdogo wangu. Kioo kilichoshushwa nusu ni ruhusa ndogo.

Sasa nikukumbushe lile neno "fadhili". Mama alipougua ulikuwa darasa la tano, ukapelekwa kwa shangazi. Yeye Mwislamu, swala tano. Jumapili nani alikuwa anakuamsha? Nani alitia mkaa kwenye pasi akainyoosha shati yako nyeupe, akasimama mlangoni kuhakikisha umeshika njia ya kanisani na si ya mtoni? Mwaka wa kipaimara chako aliuza kuku wawili ukapata viatu. Hakukuuliza utamlipa nini. Pale matangani wazee walianza kusema asante ya punda ni mateke, nikainuka nikaenda kuosha vyombo, maana sikuwa na la kuwajibu.

Arobaini ni Jumamosi ijayo, chakula baada ya adhuhuri. Mimi napanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, na nimekukatia tiketi. Usije na hotuba. Njoo na sukari kilo tano, umsalimie binti yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Anasema lile sanduku lako la bati la shule bado liko uvunguni mwa kitanda cha mama yake. Ulimwachia ulipokwenda kidato cha tano, ukamwambia asimpe mtu. Halijafunguliwa. Ufunguo anao yeye, na amekataa kunipa mimi.

Dada yako