Fomu za PT zisiishie kabatini

Mhariri,

Mwaka jana nilimpokea saiti mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi ujenzi aliyekuja PT, yaani mafunzo kwa vitendo. Kijana msikivu, mwenye alama za juu kwenye somo la zege. Siku tuliyomwaga slabu, fundi aliongeza ndoo mbili za maji ili zege lisambazike kwa urahisi. Nikamwambia kijana alipime. Alijaza ile koni ya milimita 300 ya kupimia ulaini wa zege kwa utaratibu wote, akaiinua, zege likatawanyika chini kama uji, dalili kwamba maji yamezidi. Akaandika kipimo kwenye daftari lake, akalifunga. Hakusema tusimwage. Nadhani hakuna aliyewahi kumtaka aamue.

Niliyaandika hayo kwenye fomu ya tathmini ya chuo chake, kama nilivyoandika kuhusu wenzake waliomtangulia. Sijawahi kupigiwa simu wala kupata barua, na kila mwaka wanakuja na pengo lilelile.

Siku hizi kila mtaala una matokeo ya ujifunzaji, yaani orodha ya yale mhitimu anayopaswa kuweza kufanya, na Tume ya Vyuo Vikuu inayadai. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Afrika Kusini, iliyomo tangu 1999 katika Mkataba wa Washington, ambao nchi wanachama hutambuliana shahada za uhandisi, bodi yao ya wahandisi imeorodhesha sifa 11, na chuo hutakiwa kuonyesha ushahidi kwamba mhitimu anazo. Ila orodha ikishaandikwa kazi ndiyo inaanza: idara itazame wanafunzi walikwama wapi, ibadilishe ufundishaji, kisha ipime tena mwakani.

Sisi wa zege tunaujua utaratibu huu. Kyubu, vile vipande vya zege tunavyovivunja kupima nguvu yake, za siku ya 28 ndizo zinazotoa hukumu, lakini nyingine tunazivunja siku ya 7, ili mchanganyiko ukiwa na kasoro tuurekebishe kabla ya kupandisha ghorofa nyingine. Kusubiri miaka hadi mtaala upitiwe upya ni kusubiri siku ya 28 huku ghorofa zinapanda.

Ombi langu ni hili. PT ikiisha, kila idara ya uhandisi ikae kikao kimoja, isome fomu zetu zote, ichague mapungufu mawili au matatu, kisha ituandikie imebadilisha nini. Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo ialikwe, maana tangu 2003 imekuwa ikiwalea wahitimu hao kwa miaka mitatu katika mpango wa SEAP na inayajua mapengo wanayotoka nayo chuoni. Natambua wahadhiri wamezidiwa na wingi wa wanafunzi na uchache wa vifaa vya maabara. Ndiyo maana siombi ishirini.

Likizo ndefu ikifika nitapokea wengine wanne. Fomu zao nitazijaza kwa kirefu kama kawaida, na safari hii namba yangu ya simu nitaiandika juu kabisa.

Mhandisi Ujenzi,
Morogoro