Barua kwa mpwa wangu anayejenga daraja la reli juu ya meza

Mpwa wangu,

Nimeiona picha ya pengo lako huko Arusha: meza mbili za plaiwudi, katikati milimita 360, kina milimita 100, na reli imeishia ukingoni pande zote. Umeuliza kama pale panaweza kukaa kenchi kubwa ya chuma, ile fremu ya vipande vya mshazari kama ya paa. Panaweza, ila nakuomba usianze na kenchi. Anza na daraja la mihimili ya bamba, yaani mihimili iliyoundwa kwa bamba la wima lenye ukanda wa kulala juu na chini, vipande viwili vinavyokutana juu ya nguzo moja ya katikati. Ni kazi ya siku chache, vifaa vyake vinapatikana mjini, na litakufundisha jambo ambalo kenchi italidai baadaye: katika daraja kila kipande kina mzigo wake. Kipande kisicho na kazi, hata kikipakwa rangi nzuri namna gani, jicho linakikataa.

Kwanza vipimo. Umechagua 1:87, yaani milimita moja ya mezani ni 87 za kweli, na reli zilizoachana milimita 12, na umechagua vizuri, kwa sababu reli zetu zimeachana mita moja: ile iliyofika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911, kisha ikasogezwa hadi Arusha mwaka 1929. Milimita 12 ukizidisha kwa 87 unapata 1,044, karibu kabisa. Ungetumia reli ya milimita 16.5 inayouzwa kwa wingi, kwa kipimo hicho hicho, ungepata reli pana za Ulaya na Marekani, na daraja lolote la huku lingeonekana jembamba chini yake.

Usiende kupima juu ya daraja la kweli la njia hiyo. Treni zimerudi kwenye njia ile, na juu ya daraja huna pa kukimbilia. Simama barabarani, piga picha ukiwa umelikabili daraja sawasawa, kisha tumia kitu unachokijua ukubwa wake kuwa rula. Mtu aliyesimama chini kando ya nguzo anatosha.

Mhimili wa bamba wa reli huwa na kimo cha takriban sehemu moja ya kumi hadi ya kumi na mbili ya urefu wake. Wa mita 15 basi uwe na kimo cha mita 1.25 hadi 1.5, yaani milimita 14 hadi 17 mezani kwako. Wengi wanaoanza hukosea hapa: wanakata mhimili mwembamba kama rula kwa sababu unavutia, halafu treni ikipita inaonekana kama inatembea juu ya kamba.

Malighafi nzuri kuliko zote kwa kazi hii ni kadi za plastiki, zile za vitambulisho. Kadi ya kawaida ina urefu wa milimita 85.6, upana 54 na unene 0.76. Nenda steshenari yoyote inayochapisha vitambulisho, omba zilizoharibika au nunua tupu. Kadi 8 zinatosha daraja zima, lakini chukua 10. Fremu za laini za simu zina tundu, hizo ziachie vipande vidogo.

Kila kadi ikate hivi. Ondoa ukanda wa milimita 4.5 kila upande mrefu, maana kona za kadi ni za mviringo na hazifai kwa mhimili. Zinabaki milimita 45, ambazo ni kanda tatu za milimita 15 zenye ncha za mraba. Usijaribu kukata kwa mkupuo mmoja. Pitisha kisu mara nne kandokando ya rula ya chuma bila kukandamiza sana, kisha kunja, ukanda utakatika wenyewe. Ukikandamiza, kisu kinalala na ukingo unatoka mshazari, na mhimili wenye ukingo mshazari hautasimama wima hata ufanyeje. Kadi 8 zinakupa kanda 24: kanda 16 za bamba la wima, 6 za kupasua kuwa kanda za milimita 4 kwa ubapa (ule ukanda wa kulala) wa juu na wa chini, na 2 za mbavu.

Kanda mbili zikifuatana zinatoa milimita 171.2, ambazo kwa ukubwa halisi ni karibu mita 15. Lakini kiungo kinaangukia katikati kabisa, mahali ambapo mhimili unapindwa kwa nguvu kuliko pengine pote. Kwa hiyo bamba liwe na tabaka mbili. La kwanza ni kanda mbili nzima. La pili ni nusu ukanda, ukanda mzima, nusu ukanda. Viungo vya tabaka hili havikutani na vya lile, na unene unakuwa milimita 1.5. Unene huo ni mkubwa kuliko wa kweli, ila ubapa utauficha.

Kabla ya gundi, sugua pande zote kwa msasa namba 240 hadi mng'ao uishe. Gundi ya supaglu hushika juu ya wino na ule utando wa kung'aa, halafu baada ya mwezi kitu kizima kinabanduka kama ganda la ndizi, na mtu analaumu gundi. Usifute gundi hiyo kwa pamba, maana supaglu ikikutana na pamba hupata moto kiasi cha kuunguza kidole.

Ubapa nao upange kwa viungo vinavyopishana: kipande cha 28.5, kisha ukanda mzima wa 85.6, kisha 57.1. Hivyo viwili vifupi vinatoka kwenye ukanda mmoja, hakuna kinachopotea. Ili ubapa ukae mraba juu ya bamba, omba kipande cha pembe ya aluminiamu kwa fundi wa madirisha. Laza bamba upande mmoja wa pembe, ubapa upande wa pili, dondosha gundi kwa ncha ya kijiti cha meno kila baada ya milimita 20, kisha rudi ujaze kati. Ukijaza kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mara moja, mhimili unajipinda ukiwa bado mkononi. Kazi yote ifanyie juu ya kioo cha dirisha, kwa sababu meza ya mbao haijanyooka, hata ikionekana imenyooka.

Sasa mbavu. Bamba refu na jembamba likibebeshwa mzigo hukunjamana kama karatasi iliyosimamishwa kwa ukingo wake, na mbavu za wima ndizo zinazozuia. Gawa milimita 171.2 kwa 12, upate nafasi ya 14.3, yaani mbavu 13 kila upande wa kila mhimili. Kwa mihimili minne ni vipande 104, kila kimoja milimita 15 kwa 1.2. Ni vingi, najua. Usipime kimoja kimoja; tengeneza kizuizi cha mbao kwenye ubao wa kukatia, sogeza ukanda hadi uguse, kata, sogeza tena. Ubavu mmoja ukiwa mrefu kwa robo milimita unasukuma ubapa nje, na uvimbe huo utauona kila siku taa ikimulika kwa upande.

Mihimili miwili ya kila kipande isimame milimita 18 kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine. Kati ya mabamba inabaki nafasi ya milimita 16.5, na humo unaweka misalaba: mitano kwa kila kipande, kwenye ubavu wa 1, 4, 7, 10 na 13. Tengeneza mmoja vizuri, uangalie kwa skwea, kisha tisa iliyobaki ijenge juu ya mchoro wake. Misalaba ndiyo inayozuia mihimili isilale upande mmoja kama milango ya ua. Daraja lisilo nayo linapinda ukilishika tu.

Ribiti, vile vichwa vya misumari inayounganisha chuma, hazitengenezwi kwenye kadi, ni ngumu mno. Kata kanda za manila, zilaze juu ya kipande cha mpira wa tyubu, upite kwa nyuma na gurudumu la meno kutoka saa mbovu ya mezani, lenye meno yaliyoachana kama milimita 1. Bandika upande unaoonekana tu.

Mataruma, vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli, darajani hukaribiana kuliko ya nchi kavu, kwa sababu hakuna kokoto za kusambaza mzigo. Njiti ya kiberiti isiyo na kichwa inafaa sana: milimita 2 kwa 87 ni 174, karibu na taruma la kweli. Kata kila njiti milimita 25, panga kila baada ya milimita 4 kutoka kati hadi kati, utatumia 86. Nunua viberiti vitatu, maana njiti nyingi zimepinda. Zikishakauka juu ya ubapa, pitisha msasa uliobandikwa kwenye ubao ulionyooka, hadi kila njiti iguswe. Reli ibandike kwa gundi ya mirija miwili, si supaglu, ambayo ni kavu na huvunjika kwa mtikisiko. Kati ya reli weka kipande cha chuma cha milimita 12 kamili kila sentimita 3 mpaka gundi ishike.

Kuta za mwisho ndizo zitakazoamua kama treni itapita au itaanguka. Gundisha plaiwudi ya milimita 6 kwenye ukingo wa kila meza. Pengo linakuwa 348, daraja lako ni 342.4, zinabaki milimita 5.6: acha 2 juu ya nguzo na 1.8 kila mwisho. Kiti cha kukalia mihimili kiwe milimita 19 chini ya uso ambao mataruma yako ya plastiki yamekalia, yaani mhimili pamoja na ubapa wake 16.5, kikalio cha kadi tatu chini yake 2.3, na upungufu mdogo utakaoujaza kwa manila. Kuinua kwa karatasi ni rahisi. Kuchonga kiti kilichozidi ni balaa. Usawa wa pande mbili upime kama waashi wanavyofanya, kwa mpira mwembamba unaopitisha nuru uliojaa maji. Pima maji ndogo haifiki ng'ambo.

Mwisho mmoja wa kila kipande ukae juu ya kikalio bapa, mwingine juu ya vigurudumu vya pini. Chuma cha mita 15 kikitoka nyuzi 15 za alfajiri hadi nyuzi 50 za jua kali hurefuka kama milimita 6, na ndiyo sababu daraja la kweli halifungwi pande zote. Kwako urefukaji huo hauonekani, lakini kusogea kwa meza zako kutaonekana. Masika ikianza plaiwudi hunywa unyevu na kusogea. Zifunge meza kwa boliti mbili za spana namba 13, na upake vanishi juu na chini. Ukipaka upande mmoja tu, ndiyo inajikunja zaidi.

Kiungo cha reli kisiangukie mwisho wa daraja. Kiweke angalau sentimita 5 ndani ya nchi kavu, la sivyo utapata kigongo pale pale, na mabehewa yataachana kila safari.

Nguzo imimine kwa jipsamu. Nyunyizia unga ndani ya maji, si maji ndani ya unga, kiasi cha unga mara mbili ya maji, ukoroge taratibu ili mapovu yasibaki. Juu iwe milimita 20 kwa 35, na kila upande upanuke milimita 1 kwa kila 20 za kushuka. Ikiwa bado na unyevu, chora mistari ya mawe kwa sindano kila milimita 3.5. Rangi ya mawe iwe ya kijivu kinachoelekea weusi, kama mawe ya volkano ya huku kwetu, si manjano ya picha za Ulaya.

Rangi ya mihimili iwe ya maji. Thina hula plastiki. Ikiwa inang'aa, changanya poda kidogo ya mtoto. Vumbi litoke kwenye udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa, lipakwe kwa brashi kavu kwenye vikalio na juu ya ubapa wa chini, mahali vumbi hukaa kweli.

Kuhusu ile kenchi uliyochora: mishazari yako imegeuzwa. Kwenye kenchi ya Pratt, ya mwaka 1844, mishazari hushuka kuelekea katikati ya daraja, na kwa kuwa inavutwa inaweza kuwa myembamba. Wewe umeichora ikipanda kuelekea katikati, kama ya Howe ya 1840, ambako mishazari inasukumwa na lazima iwe minene. Myembamba ikisukumwa inapinda. Chora upya kabla hujakata chochote.

Daraja likikauka kwa siku mbili, kabla ya rangi, weka kila kipande juu ya vikalio vyake na uegemeze rula pembeni. Weka pakiti ya sukari ya kilo 1 katikati. Kisizame zaidi ya nusu milimita, na ukiondoa sukari kirudi palepale. Kikizama zaidi, tafuta kiungo ambacho msasa haukupita. Nitumie picha ya rula ikiwa na sukari juu, na nyingine bila sukari.

Mjomba wako,
Moshi