Njia ya vumbi ina wenyewe

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita mlichapisha makala ndefu juu ya baiskeli za changarawe, yaani zile za kuendeshea kwenye barabara za vumbi na kokoto. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha, maana ni nadra kukuta mtu anayeandika kwa mapenzi juu ya tairi pana, vumbi la asubuhi na uwanda ambao macho hayafiki mwisho wake. Mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Mwandishi alizieleza nyanda za wazi kuwa ni mahali patupu, na njia za zamani za mashambani kuwa zimetelekezwa, zinamngoja yeyote mwenye baiskeli. Hapo ndipo tunapoachana, na naomba nafasi nieleze.

Nimeendesha baiskeli katika nyanda kwa miaka mingi, na sijapata kuona njia iliyotelekezwa ambayo bado inapitika. Njia ya vumbi ikikosa miguu na magurudumu kwa misimu michache ya mvua, nyasi huifunga, vichaka vikafuata, ikapotea. Ukiiona imebaki njia, jua wako watu wanaoifungua. Punguza mwendo utazame chini: kwato za ng'ombe na mbuzi, michirizi miwili ya mkokoteni, nyayo ndogo zilizokwenda upande mmoja asubuhi zikarudi jioni. Na uwanda wenyewe ni vivyo hivyo. Anachokiona patupu mtu anayekatiza kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa ni malisho. Kuna sehemu inayoliwa sasa na sehemu inayopumzishwa, na kuna anayejua tofauti yake kwa kutazama tu.

Wahispania wameliweka jambo hili katika sheria. Wana mtandao mkubwa wa mapito ya mifugo, ambayo wachungaji waliyatumia kuhamisha kondoo kati ya malisho ya milimani wakati wa joto na malisho ya nyandani wakati wa baridi. Mwaka 1273 Mfalme Alfonso X aliwapa wafugaji wa Mesta, chama chao cha wenye kondoo, hati ya kifalme, na baadaye mapito makuu yakawekewa upana wa karibu mita 75. Sheria yao ya mwaka 1995 inasema mapito hayo ni mali ya umma: hayauzwi, wala mtu hawezi kuyafanya yake kwa kuyakalia muda mrefu. Ndani yake mna kifungu kinachotugusa sisi moja kwa moja. Watu wanaruhusiwa kutembea, kupanda farasi na kusafiri kimichezo kwa chombo kisicho na injini, ila mifugo inatangulia. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1968, iliwafungulia waendesha baiskeli njia za farasi za mashambani kwa sharti la kuwapisha wanaotembea na waliopanda farasi. Mimi naona hili ndilo jibu la haki kuliko yote niliyoyasikia. Hatufukuzwi. Tunakaribishwa, na tunaambiwa nani yuko mbele yetu.

Makala yenu pia iliruka kipande cha historia ambacho ningependa wasomaji wakijue. Baiskeli ilikulia kwenye vumbi. Tairi la hewa la John Boyd Dunlop lilitokea mwaka 1888, wakati barabara nyingi zilikuwa za udongo na mawe, na mashindano ya kwanza ya Tour de France, mwaka 1903, yalikimbiwa kwenye barabara za namna hiyo: hatua sita, kilomita zaidi ya 2,400. Waliopiga kelele barabara zisawazishwe walikuwa waendesha baiskeli wenyewe. Nchini Marekani chama chao, League of American Wheelmen, kilichoanzishwa mwaka 1880, kilikuwa mstari wa mbele kudai barabara nzuri kabla magari hayajajaa. Barabara zikaja, magari yakazichukua, na sisi sasa tunarudi kutafuta zile zilizobaki. Lakini miaka yote hiyo tulipokuwa kwenye lami, wafugaji na wakulima hawakuondoka kwenye njia zile. Ndiyo maana neno kutelekezwa linaniuma.

Kilichonisukuma hasa kuandika, hata hivyo, ni ushauri wa makala hiyo kwamba mtu aendeshe hata mvua ikiwa imenyesha, kwa kuwa tope ni sehemu ya raha. Naomba wasomaji wasiufuate.

Barabara ya udongo huishi kwa umbo lake. Mgongo wa katikati umeinuka kidogo ili maji yamwagike pembeni na kuingia mtaroni. Ikiwa kavu, mtu na baiskeli yake, kilo 80 au 90 kwa jumla, hawaidhuru. Ikilowa, tairi huzama na kuchimba mfereji mwembamba, na mfereji huo hauelekei mtaroni, unafuata njia. Mvua inayofuata, maji yaliyopaswa kumwagika pembeni hukusanyika humo, hushika kasi kila penye mteremko, hubeba udongo laini na kuacha mawe. Mfereji wa vidole vitatu huwa korongo bila mtu yeyote kuongeza kitu.

Nasema hivi kwa kuwa nimelifanya kosa hilo. Niliingia njia ya udongo mweusi asubuhi, baada ya mvua ya usiku kucha. Sikufika mbali. Tope lilijaa kati ya tairi na fremu hata gurudumu likagoma kuzunguka, nikashuka na kuibeba baiskeli begani. Mzee mmoja alikuwa pembeni na ng'ombe wake, amewatoa njiani kwa makusudi na kuwapitisha kwenye nyasi. Nilimwamkia. Aliitikia, kisha akanyoosha fimbo kuelekea alama niliyoiacha nyuma yangu. "Maji yatapita humo, mwanangu," akasema, akaendelea na ng'ombe wake. Nilirudi msimu wa mvua ulipokwisha. Pale pale palikuwa na ufa unaotosha kulimeza gurudumu la mkokoteni, na watu walikuwa wamekwisha kuanza kupita shambani ili kuukwepa. Sisemi ufa wote ni wangu. Mwanzo wake niliujua.

Hata walio hodari kabisa, tope haliwajui. Kule Flint Hills, jimbo la Kansas nchini Marekani, kuna mashindano ya changarawe yaliyoanza mwaka 2006 na waendeshaji 34, na leo yanavuta maelfu katika mji wa Emporia. Mbio zake mashuhuri ni za kilomita 320 hivi. Vilima hivyo vimepewa jina la jiwe la gumegume, ambalo limejaa ardhini karibu kabisa na uso wa udongo. Jiwe hilo hukata tairi, na ndilo lililoiokoa nyika yenyewe: jembe lilishindwa kupita, ikabaki ya malisho, wakati sehemu kubwa mno ya nyika ya nyasi ndefu ya Amerika Kaskazini iligeuzwa mashamba, na nyika iliyobaki ni chini ya asilimia 4. Mwaka 2023 kipande cha tope mapema katika mbio kiliwashusha wengi wakatembea, na wengine vyuma vyao vya kuhamisha mnyororo vilivunjika, safari ikaishia hapo. Mshindani siku yake imekwisha kupangwa, hana hiari. Sisi wengine tunaweza kungoja. Kipimo changu ni kisigino: nakanyaga kwa nguvu, kikizama narudi nyumbani. Njia za changarawe ngumu hukauka upesi likitoka jua na upepo; udongo mweusi haukimbizwi.

Kuhusu tairi sina ugomvi na mwandishi. Upana wa milimita 40 au zaidi, hewa ipunguzwe mpaka tairi lilale kidogo juu ya jiwe badala ya kurukaruka. Ningeongeza tu kwamba tairi pana lenye hewa kidogo hugusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi, kwa hiyo linaihurumia njia pia. Na kwenye uwanda usio na mti, anza safari ukielekea upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi ukusukume ukiwa umechoka.

Kuhusu mifugo makala haikusema lolote, nami nilishangaa. Baiskeli haina mlio, na ng'ombe huogopa kitu kinachomtokea kimya kimya kuliko gari linalonguruma. Sema ungali mbali. Salimu kwa sauti. Mchungaji atakusikia na wanyama watajua ni mtu. Usipite kati ya ng'ombe na ndama wake. Kundi likiwa njiani, shuka usimame, hata kama saa yako inahesabu. Na geti uliache kama ulivyolikuta: lililofungwa lifungwe, lililo wazi libaki wazi. Wengi hukosea hili la pili kwa nia njema kabisa, wakalifunga lililoachwa wazi, na kundi likakosa njia ya kufikia maji siku ya jua kali.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Mtakapochapisha tena ramani ya njia za nyandani, andikeni udongo wake ni wa aina gani, ni miezi ipi iachwe ipumzike, mageti yako wapi na mifugo hunywa maji wapi. Tena kabla ya kuichapisha, mtumeni mtu akaipite kwa miguu na kuwauliza anaowakuta humo kama wako radhi njia yao itangazwe. Wakikataa, msiichapishe.

Wako,
Msomaji wenu wa siku nyingi